DaVinci Resolve ya bure na video za wima: tathmini ya mhariri wa matangazo ya khanga

Toleo la bure la DaVinci Resolve, programu ya kompyuta ya kuhariri video, halina siku za majaribio zinazokwisha, wala halibandiki nembo juu ya kazi ya mtu ilimradi hajagusa vipengele vya toleo la kulipia, na linatoa video za ukubwa wa hadi pikseli 3840 kwa 2160 kwa kasi ya fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde. Kwa mtu ambaye kazi yake ni video fupi za wima, zile za pikseli 1080 kwa 1920 zinazoijaza simu kuanzia juu hadi chini, mipaka hiyo ni mipana kuliko mahitaji yake. Nimeitumia programu hii kwa miaka mitatu kuhariri matangazo ya wauzaji wa nguo wa Kariakoo, na tathmini yangu itasimama juu ya kazi moja ninayoifahamu kuliko zote: video ya nusu dakika hadi dakika moja ya kuonyesha khanga.

Nimeichagua khanga kwa sababu sijapata bidhaa inayoipa tabu video ya wima kuliko hiyo. Khanga ni ya mlalo. Upana wake hukaribia mita moja na nusu na kimo chake ni mita moja na ushei. Pindo limeizunguka pande zote nne, mji, yaani mchoro mkuu, umekaa katikati, na jina limeandikwa kwa herufi kubwa upande wa chini, juu kidogo ya pindo. Mnunuzi wa khanga husoma jina kwanza, ndipo aulize bei, kwa kuwa anajua kwamba watakaomwona ameivaa nao watalisoma. Kwa hiyo video iliyolikata jina imeikata bidhaa yenyewe, na programu yoyote ya kuhariri inayotaka sifa kwangu lazima kwanza inisaidie kuliokoa jina hilo.

Resolve haikuzaliwa kwa ajili ya simu. Jina la da Vinci lilikuwa la mashine za kurekebisha rangi za filamu, zilizouzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, hadi mwaka 2009 ziliponunuliwa na Blackmagic Design, kampuni ya Australia inayoongozwa na Grant Petty, ambayo iliifanya kuwa programu ya kompyuta ya kawaida na miaka miwili baadaye ikatoa toleo la bure. Asili hiyo inaonekana hadi leo. Programu za simu humfanyia mtumiaji maamuzi mengi kimyakimya, lakini hii humwachia maamuzi karibu yote, na humtaka ayafanye mapema.

Uamuzi wa kwanza ni wa umbo. Katika mipangilio ya mradi kuna kisanduku kidogo cha kuweka tiki ambacho hugeuza 1920 kwa 1080 kuwa 1080 kwa 1920, na papo hapo kioo cha kutazamia husimama wima. Uamuzi wa pili ni kasi ya fremu, na hapa ndipo wanaoanza huumia, kwa sababu kasi ya mradi hujifunga mara klipu ya kwanza inapoingia na haibadiliki tena. Mimi hufanya kazi kwa fremu 25 pale ninaporekodi mwenyewe dukani. Umeme wetu unakwenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na kwa fremu 25 na shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu) ya moja ya hamsini ya sekunde, mwanga wa taa za dukani hutulia, ilhali simu iliyoachwa ijichagulie shata yenyewe kwa fremu 30 mara nyingine huacha mistari ya giza inayopanda na kushuka juu ya kitambaa. Mteja akiniletea klipu alizorekodi kwa simu yake, mradi wake ninaufungua kwa fremu 30. Tena klipu za simu mara nyingi hazina kasi moja: simu hupunguza na kuongeza fremu kadiri mwanga unavyobadilika, na katika taimulaini, ule mstari wa kupangia klipu, sauti huanza kuachana na midomo ya msemaji polepole hadi inakera. Dawa yake ni kuzipitisha kwanza katika HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video ambayo nayo ni ya bure, na kuziamuru zitoke na kasi isiyobadilika. Hatua hiyo inachukua dakika chache, na imenipunguzia malalamiko mengi.

Sasa nije kwenye jina la khanga. Tuchukue khanga yenye jina WEMA HAUOZI, iliyotandazwa ukutani na kurekodiwa kwa kamera ya mlalo ya pikseli 1920 kwa 1080. Ukikata kipande cha wima chenye kimo kamili, upana unaobaki ni pikseli 607 tu, yaani chini ya theluthi moja ya picha. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, kilichobaki kwenye kioo kilikuwa MA HAUO. Isitoshe, pikseli hizo 607 zinatakiwa zijaze upana wa 1080, kwa hiyo programu inalazimika kuzivuta, na nyuzi za kitambaa zinakuwa ukungu. Ukirekodi kwa 3840 kwa 2160, kipande hichohicho kinakuwa na upana wa pikseli 1215, na hapo hakuna cha kuvuta. Picha inapunguzwa kidogo na inatoka ikiwa kali. Simu nyingi za siku hizi zinarekodi ukubwa huo, unaoitwa 4K. Huu ndio ushauri ninaoutoa kabla ya ushauri mwingine wowote, na hauhusiani na programu gani mtu anatumia.

Resolve inatoa njia nne za kushughulikia klipu isiyolingana na umbo la mradi: kuionyesha yote na kuacha weusi juu na chini, kuijaza na kukata kinachozidi, kuiweka katikati bila kuigusa ukubwa, au kuivuta hadi pembe zote. Ya mwisho isiguswe kabisa, kwa kuwa humnyoosha mtu kama mshumaa. Ya kwanza huionyesha khanga nzima, lakini kwa kimo cha pikseli 607 kati ya 1920, na kitambaa kinaelea katikati ya giza; wapo wanaolijaza giza hilo kwa picha ileile iliyofifishwa, na sijawahi kuona khanga ikipendeza hivyo, kwani mji uliofifishwa hushindana na mji halisi. Mimi hutumia ya pili, ya kujaza na kukata, kisha naisogeza picha mwenyewe. Kwa klipu ya 4K kuna karibu pikseli 1,170 za kusogea kila upande. Ninaweka alama moja mwanzo wa jina, nyingine mwisho wake, na kamera inaonekana kama inalisoma kutoka kushoto kwenda kulia kwa mwendo wa mtu asomaye kwa sauti. Sekunde mbili na nusu zinatosha kwa jina la maneno mawili. Nikizifanya moja na nusu, mtazamaji huona herufi zikipita bila kusoma neno. Nikizifanya nne, anaondoka. Baada ya hapo ninarudi kwenye mji kwa picha ya karibu, na mwishoni khanga inaonekana nzima, ikiwa imeshikwa na mtu aliyesimama mbali kidogo.

Toleo la kulipia, linaloitwa Studio na linalouzwa dola 295 za Marekani kwa malipo ya mara moja, lina kifaa cha kusogeza fremu chenyewe kwa kufuata kinachotembea katika picha. Kwa mahubiri, mahojiano au mpira, kifaa hicho kina thamani kubwa na kinaokoa saa nyingi. Kwa khanga siuoni upungufu, kwa sababu kinachotakiwa kufuatwa ni maneno yaliyotulia juu ya kitambaa, na jicho la anayejua Kiswahili linayasoma vizuri zaidi.

Jambo ninalolithamini kuliko mengine, na ambalo sikulitarajia katika programu ya bure, ni kwamba mradi mmoja unaweza kubeba taimulaini za maumbo tofauti. Nikimaliza ya wima ninainakili, naiondoa kwenye kufuata mipangilio ya mradi, naipa umbo la mraba au la mlalo, kisha narekebisha mikao ya klipu chache tu. Mwenye duka anapata tangazo la wima la mtandaoni, la mlalo la runinga iliyotundikwa dukani, na yote mawili yana rangi zilezile na sauti ileile.

Kuna kosa moja nililolifanya mwenyewe na ambalo programu isingeweza kunizuia. Mama mmoja muuza khanga alinipa kazi ya video sita, na nikaweka namba yake ya simu chini kabisa, kwa herufi nene za njano, mahali ambapo kwenye kompyuta palionekana pazuri mno. Siku ya tatu akanipigia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Hivi ile namba yangu umeiweka wapi? Watu wananiuliza nipatikane vipi, na mimi mwenyewe nikitazama siioni.”

Nilifungua video yake kwenye simu nikaona. Jina la akaunti, maelezo ya chapisho na jina la wimbo vilikuwa vimeilalia namba karibu yote, na safu ya vitufe vya kupenda, kutoa maoni na kusambaza ilikuwa imekula tarakimu mbili za mwisho ambazo zingebaki. Nilizirudia video zote sita bila malipo, kama ilivyostahili. Kwa wanaotangaza katika Reels, zile video fupi za Instagram na Facebook, kampuni ya Meta hushauri kuacha asilimia 14 ya juu, asilimia 35 ya chini na asilimia 6 ya kila upande bila maandishi wala nembo. Kwa video ya kimo cha pikseli 1920, asilimia 35 ni pikseli 672, yaani zaidi ya theluthi moja ya kioo, na ndiyo theluthi ambayo mkono wa kila mhariri hukimbilia kuweka maandishi. Tangu siku ile nina picha ya PNG yenye uwazi katikati na wekundu hafifu kwenye maeneo hayo, ambayo huikalisha kwenye njia ya juu kabisa ya taimulaini wakati wa kuhariri na kuizima kabla ya kutoa faili. Jina la khanga nalo lazima lipite juu ya mstari huo, kwa hiyo siku hizi ninaitundika khanga juu zaidi kuliko jicho linavyopenda wakati wa kurekodi.

Maandishi ya Kiswahili yana shida yake ambayo violezo vilivyotengenezwa kwa lugha nyingine haviijui. Maneno yetu ni marefu. Ndani ya upana wa pikseli 1080, ukiacha pembeni nafasi ya kutosha na kutumia herufi za kusomeka kwa mtu aliyekaa kwenye daladala, mstari mmoja hubeba herufi ishirini hivi, na neno kama “tutakapowaletea” peke yake lina herufi 15. Violezo vya maneno yanayorukaruka huligawa vibaya au hulitoa nje ya kioo. Katika Resolve ninaandika manukuu kwa mkono kwenye njia yake maalumu, nikivunja mstari pale sentensi inapopumua, na wakati wa kutoa faili ninachagua yachomwe ndani ya picha, kwa kuwa watazamaji wengi hutazama sauti ikiwa imezimwa. Herufi ng’ nayo ikaguliwe, kwani baadhi ya fonti za mapambo hazina alama hiyo ya juu, na huacha kisanduku kitupu katikati ya neno.

Kwenye ukurasa wa kutolea faili, programu ina vifurushi vya mipangilio vilivyoandaliwa, na tangu toleo la 18.5 la mwaka 2023 kuna cha TikTok chenye umbo la wima na uwezo wa kupandisha video moja kwa moja. Mimi sikitumii, kwa sababu akaunti ni za wateja na ninapenda mteja apandishe mwenyewe, achague kava mwenyewe na kuandika maelezo kwa maneno yake. Nina kifurushi changu: MP4, kodeki (njia ya kukandamiza video) ya H.264, pikseli 1080 kwa 1920, sauti ya AAC, na bitireti, yaani kiasi cha data kwa kila sekunde, niliyoifunga kwenye kilobiti 10,000 kwa sekunde. Kwa kiwango hicho, dakika moja ya video ni megabaiti 75 hivi.

Kiwango hicho nilikifikia kwa kujaribu, na khanga ndiyo iliyonifundisha. Mchoro mdogo unaojirudia maelfu ya mara, kisha ukakung’utwa hewani, ni mzigo mzito kwa kodeki yoyote, kwa sababu kodeki huokoa nafasi kwa kukumbuka kile ambacho hakijabadilika tangu fremu iliyopita, na kitambaa kinachokung’utwa hubadilika chote kwa pamoja. Nilitoa klipu ileile kwa kilobiti 3,000, 6,000 na 10,000, nikazitazama kwa kusimamisha fremu ambapo mama anaikung’uta doti mpya kabla ya kuitandaza. Kwa 3,000, mji ulivunjika kuwa visanduku, korosho za kwenye pembe zikageuka madoa. Kwa 6,000 mchoro ulirudi lakini pindo lilitetemeka. Kwa 10,000 niliweza kuhesabu nukta za pindo. Mitandao huikandamiza tena video baada ya kupokelewa, kwa hiyo wapo wanaosema haina maana kutoa faili zuri. Uzoefu wangu ni kinyume chake, maana faili lililokwisha kuharibika huharibiwa mara ya pili juu ya makovu ya kwanza.

Wekundu nao unahitaji uangalifu wa pekee. Video za kawaida za H.264 huhifadhi mwanga kwa kila pikseli lakini rangi kwa robo tu ya pikseli hizo, jambo ambalo jicho halilioni kwenye uso wa mtu au majani, ila huliona kwenye herufi nyekundu juu ya kitambaa cheusi, ambazo kingo zake hulegea. Kurekodi kwa 4K na kutoa kwa 1080 hupunguza tatizo hilo kwa kiasi kinachoonekana, na hiyo ni sababu nyingine ya kutorekodi kwa ukubwa mdogo. Hapa pia ndipo asili ya programu inapolipa: ukurasa wake wa rangi, ambao uko wazi kwa mtumiaji wa bure karibu wote, huniwezesha kuushusha wekundu peke yake bila kuigusa ngozi ya anayeonyesha. Mnunuzi aliyeko Mwanza anayeagiza khanga nyekundu aliyoiona kwenye simu anastahili kupokea wekundu uleule.

Wenye iPhone kuanzia 12 wakumbuke kwamba simu zao zinaweza kurekodi kwa HDR, yaani picha zenye upeo mpana zaidi wa mwanga, na klipu hizo zikiingizwa katika mradi wa rangi za kawaida bila kubadilishwa hutoka zimepauka au zimeungua kwenye weupe. Resolve ina vifaa vya kuzibadilisha kwa usahihi, lakini ni rahisi zaidi kuizima HDR kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kurekodi. Sauti nitaitaja kwa ufupi: ukurasa wa sauti, uitwao Fairlight, una mita ya LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti, na ninazipima video zangu karibu na -14, kiwango ambacho YouTube hushusha nacho sauti zilizopita kiasi.

Baada ya faili kutoka kuna safari ya kulifikisha kwa mteja, na kazi nzuri nyingi hufia hapo. Video ikitumwa kwa njia ya kawaida ya ujumbe hukandamizwa, kisha mteja huipandisha hiyohiyo mtandaoni, na inakandamizwa tena. Kwenye WhatsApp ninaituma kama dokumenti, ambayo hupokea faili la hadi gigabaiti 2 bila kuligusa, na ninamweleza mteja aipandishe kutoka hapo hadi kwenye akaunti yake akiwa na bando la kutosha. Kwa ajili ya stetasi ninamtolea nakala nyingine ndogo, ili asilazimike kuitumia kubwa mahali isipohitajika.

Kilichobaki ni uzito wa programu yenyewe, na hili lisipuuzwe. Blackmagic inataka kompyuta ya Windows iwe na memori ya gigabaiti 16, na 32 kwa anayetumia ukurasa wa Fusion, ule wa michoro inayotembea na madoido ya picha, pamoja na kadi ya michoro inayojitegemea. Kuipakua kunahitaji gigabaiti kadhaa za bando, na mtu huombwa kujaza fomu kwanza. Kwa klipu za 4K, mashine dhaifu hukwama hata kuicheza taimulaini, ingawa kuna namna ya kutengeneza nakala nyepesi za klipu kwa ajili ya kuhariria, na nakala hizo hubadilishwa na klipu halisi wakati wa kutoa. Mwenye kompyuta inayokidhi masharti hayo na anayelipwa kwa kazi ya video, namshauri aichukue leo na ajipe wiki mbili za kujifunza kurasa tatu tu: wa kuhariri, wa rangi na wa kutolea. Mwenye kompyuta ya gigabaiti 8 isiyo na kadi ya michoro asiipakue bado. Aendelee na programu ya simu anayoimudu, arekodi kwa 4K, aliweke jina la khanga juu ya ile theluthi ya chini, na azitunze klipu zake asilia kwenye diski ya pembeni, kwa sababu siku atakapopata mashine ya kufaa, klipu hizo zitakatwa upya na kutoka vizuri kuliko zilivyotoka mara ya kwanza.